Utando wa Angavuni

Mdogo wangu Machano alikwenda Angavuni kufanya kazi ya useremala, akaoa huko, akakaa. Alikuwa na desturi ya kututumia salamu na kila msafiri aliyekuja upande wetu. Salamu zilipokatika, mama alianza kuniuliza habari zake kila asubuhi, na nilipochoka kumjibu kwamba sijui, nilifunga mzigo wangu nikaenda kumtafuta. Njia ni ndefu na haina la kusimulia. Nitaanzia langoni, kwa kuwa hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nilifika asubuhi, na ukungu ulikuwa mzito hata sikuuona ukuta wa mji mpaka nilipougusa kwa mkono. Langoni walikaa askari wawili kwenye benchi. Niliwasalimu. Hawakujibu. Nikarudia salamu kwa sauti kubwa zaidi. Mmoja wao alikuwa akila muhogo wa kuchoma, akaendelea kutafuna huku akitazama miguu yake. Nilimsogelea mpaka nikawa karibu kumkanyaga, wala hakuinua uso. Nakumbuka niliitazama mikono yangu, ili nijue kama ninayo.

Kati ya benchi na lango palisimamishwa kioo kirefu katika fremu ya shaba. Juu ya kioo palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya samawati iliyopauka, kama ngozi inayoganda juu ya maziwa yaliyopoa. Chini ya fremu palikuwa na kisanduku chenye mshale. Nilipopita mbele ya kioo kile, mshale ulitikisika, ukapanda polepole, ukasimama. Hapo askari wote wawili waliinuka kwa pamoja.

"Karibu mgeni," alisema yule wa muhogo, akijifuta mdomo. "Umeonekana."

"Nimekusalimu mara mbili, baba."

"Hukuwapo, mama," alijibu kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Sasa upo. Habari za safari?"

Baadaye nilielezwa asili ya jambo hilo, nami nalieleza kama nilivyolisikia, bila kulipunguzia haki yake. Zamani katika nchi ile mtu asiye na hatia alinyongwa kwa ushahidi wa majirani walioapa kwamba walimwona akiua. Muuaji alipojitokeza mwenyewe, nchi nzima ilishikwa na aibu. Wakasema, jicho la mtu hupenda na huchukia, humwona tajiri kabla ya maskini, huona usiku yale lililoyataka mchana. Basi walipopata mafundi waliojua kukuza utando unaohisi mwanga, waliuachia utando kazi yote ya kuona. Utando haumpendi mtu wala haumchukii. Ikawa sheria kwamba kilichoonwa na utando kipo, na ambacho haukukiona hakipo, na mtu asithubutu kuleta macho yake mbele ya hakimu. Sisemi kwamba sheria hiyo ilianza vibaya.

Ila niliyakuta mambo yamekwenda mbali. Sokoni niliona mwanamke akinunua kitambaa chekundu mno. Mwenye duka alikiweka mbele ya kioo cha soko, na kioo, kwa kuwa kilikuwa kimeanza kuchafuka pembeni, kilikitaja kuwa cha kijivu. Mwanamke akakikunja. "Nilikuwa nataka cha kijivu hasa," alisema, na mwenye duka akamshukuru, na wote wawili hawakutazamana. Watu walipokutana njiani waliulizana, "Umeonekana?" na kujibiana, "Nimeonekana, wewe je?" Nilidhani ni salamu tu kama salamu nyingine, mpaka nilipofika kwenye barabara ya mawe.

Lori lililobeba kokoto lilikuwa likiteremka. Katikati ya barabara alisimama mwanamume mwenye shati jeupe, akipunga mikono yote miwili. Alikuwa akiomba kitu, nadhani aliomba tu dereva amtazame. Dereva hakutazama barabara. Macho yake yalikuwa kwenye kioo kidogo kilichotundikwa mbele yake, na mshale wa kioo hicho ulikuwa umelala. Lori halikupunguza mwendo. Nilipiga kelele, na kelele zangu hazikubadili chochote.

Watu waliendelea kupita. Mwanamke mmoja aliyebeba kapu alifika pale mwili ulipokuwa, akainua pindo la gauni lake, akavuka, akalishusha pindo upande wa pili, bila kutazama chini hata mara moja. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa anaona. Wote walikuwa wanaona.

Aliponifikia alisema bila kusimama, "Mgeni, usikazie macho pasipo na kitu. Watakuona."

"Nani?"

Alionyesha kwa kidevu. Kwenye pembe ya nyumba, juu kidogo, palikuwa na kioo cha samawati.

"Ukionwa unatazama kisichokuwapo, utapelekwa Nyumba ya Mapumziko," alisema. "Watakutia dawa ya matone. Macho yanapumzika, mama, na hayaamki tena."

Niliinamisha uso nikaenda. Naona haya kuliandika, lakini niliinamisha uso nikaenda.

Mke wa Machano, Ghanima, alinipokea mlangoni. Hatukuwa tumewahi kuonana, lakini alinijua kwa kufanana na mumewe. Alinikumbatia, na mwili wake ulikuwa mgumu kama ubao.

"Karibu wifi. Umeonekana?"

"Nimeonekana. Machano yuko wapi?"

"Mume wangu hayupo," alisema. "Hajaonekana tangu ukungu ulipoingia."

Wakati anasema hayo nilikuwa nikimtazama Machano. Alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo kioo cha sebuleni hakikuweza kufika, magoti yake ameyakunja kifuani. Alikuwa amekonda hata masikio yake yalionekana makubwa. Mbele yake palikuwa na sahani ya wali na mchuzi.

"Dada Siwema," alisema kwa sauti ndogo.

Nilitaka kumkimbilia. Ghanima alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. "Kaa hapa, wifi," alisema, akanikalisha kwenye kiti kilichoelekea jikoni, akakisogeza kidogo hivi na kidogo hivi, kama anayetafuta mahali pazuri pa mgeni, mpaka kikakaa pembeni, mgongo wangu ukaelekea kioo. "Kiti hiki ni kizuri. Mtu akikaa hapa anaweza kutazama jikoni kwangu apendavyo, wala haimdhuru."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Ghanima hakumsemesha mumewe neno, kwa kuwa sheria ilimkataza, lakini aliongea na jikoni mchana kutwa. Alisema, "Sahani hii naiweka chini kwa ajili ya paka," na nyumba haikuwa na paka. Alisema, "Shuka nzito nimeiacha juu ya sanduku, huenda ghalani pana baridi." Alisema, "Leo dada wa marehemu, au sijui nimwiteje, amekuja kutoka mbali, na mama yao ni mzima." Machano alikula akisikiliza. Machozi yalimdondokea katika wali na hakuyafuta.

Mimi niliona njia moja. Nilimnong'oneza Machano, kinywa changu nimekifunika kwa ncha ya kanga, kwamba tuondoke siku ile ile.

"Langoni sitafika salama, dada," alisema. "Barabara yote ya kwenda kule ni ya magari. Uliona?"

"Niliona."

"Yule alikuwa anaitwa Mshindo. Tulilala naye ghalani. Alisema amechoka, anataka angalau dereva mmoja amtazame."

Ghala alilolitaja lilikuwa ghala la zamani la katani nyuma ya mtaa. Wote waliokataliwa na mshale mwaka ule walijificha humo, kwa sababu majumbani wakaguzi waliingia wakati wowote, na mke aliyekutwa akimpakulia mtu asiyekuwapo aliponea chupuchupu kama hakupelekwa Mapumziko. Machano alikuja nyumbani kula, akapita nyuma ya kuta, akarudi.

Ghanima, akipanga vyombo, aliiambia jikoni kwamba kuna mwanamke mmoja aitwaye Hidaya, mkuzaji wa utando katika karakana ya serikali, na kwamba mgeni anayependa kujua mambo ya nchi huruhusiwa kumtembelea. Nilielewa, nikaenda.

Hidaya alikuwa mwanamke mrefu mwenye vidole vilivyoingia rangi ya buluu mpaka kwenye kucha. Alinikaribisha kwa adabu, akanionyesha kazi yake. Palikuwa na mabeseni mawili. La kwanza lilikuwa na maji ya shaba, buluu kabisa. La pili lilikuwa na maji meupe yenye tindikali. Alichovya kioo katika la kwanza, akakisuuza, akakichovya katika la pili, akakisuuza, akarudia tena.

"Shaba inakaa kwenye pembe," alisema. "Ile tindikali inashika pembe na pembe, kama boriti. Kila ukichovya unajenga ghorofa moja ya vyumba. Ni vidogo, hakuna atakayeviona, na vyote ni vitupu. Utupu huo ndio faida yake. Mwanga ukiingia humo, kuta zinatoa umeme kidogo sana, na huo umeme ndio unaosukuma mshale."

"Na ukungu ukiingia?"

Mikono yake ilisimama juu ya maji. Aliutazama mlango.

"Vyumba vitupu havichagui mgeni," alisema polepole. "Unyevu nao unaingia. Ukijaa, kuta zinalegea, na utando unaanza kupofuka, leo pembe hii, kesho pembe ile. Ukikaushwa mapema kwa moto wa mbali, unapona. Ukiachwa, vyumba vinaanguka, na hapo hakuna dawa."

"Basi watu hawajapotea."

"Hapa karakana hakuna asiyelijua hilo."

"Kwa nini hamsemi, mwenzangu?"

"Nikisema, nitaambiwa nisimame mbele ya kioo, ili ijulikane kama anayesema ni mtu," alijibu. "Na mimi ndiye niliyevitengeneza. Navijua vilivyo vipofu, na najua watanisimamisha mbele ya kipi."

Sikuelewa maneno hayo vizuri mpaka nilipohudhuria Baraza. Wageni waliruhusiwa kukaa juu, kwenye roshani, na mimi nilikwenda kwa sababu Ghanima alisikia kwamba ghala la katani litajadiliwa. Kiti cha mbele alikikalia Mwangalizi Mkuu, Bwana Mlenge, mtu mnene wa uso mpole, aliyeongea taratibu na kumshukuru kila aliyesema. Nyuma yake palikuwa na kioo kikubwa, na matone ya unyevu yalikuwa yakiteremka juu yake.

Mjumbe mmoja alisema ghala tupu linahifadhi unyevu, na unyevu si mzuri kwa afya ya mji, kwa hiyo lichomwe. Mwingine alisema kwa kusitasita kwamba amesikia sauti zikitoka humo.

"Kioo kimezisikia?" aliuliza Bwana Mlenge.

"Kioo hakina masikio, Bwana Mwangalizi."

"Basi, Mheshimiwa, usituletee masikio yako hapa," alisema, na wajumbe wakagonga meza.

Kisha alisimama mwanamke wa makamo aliyevaa kilemba cha hudhurungi, Mheshimiwa Saumu, ambaye nilisikia wakisema amekaa katika Baraza muda mrefu kuliko wengi. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Kabla hatujachoma, naomba tujiulize jambo moja," alisema. "Kila mwaka ukungu ukiingia, watu wetu hupotea. Ukungu ukiondoka, wengine hurudi, na huwa wamekonda. Je, ni watu wanaopotea, au ni utando unaougua?"

Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye fremu. Nilitegemea Mwangalizi akasirike. Hakukasirika.

"Ni swali zito," alisema. "Swali zito linastahili kuulizwa na mtu aliyepo. Mheshimiwa, tafadhali, pita mbele ya kioo."

Saumu alitembea mpaka pale akasimama. Mshale ulilala. Alisogea kushoto, akasogea kulia. Alivuta pumzi akakitanua kifua, kama mtu anayetaka kuujaza mwili wake zaidi. Mshale ulilala.

"Mwandishi," alisema Bwana Mlenge bila haraka, "kiti cha Mheshimiwa Saumu ki wazi. Swali halikuulizwa. Tuendelee na ghala."

"Bwana Mlenge," alisema Saumu. "Ndugu zangu."

Mjumbe aliyekuwa amekaa naye, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akigawana naye chai ya tangawizi, aliuondoa mkoba wa Saumu kitini, akauweka chini, akaweka kofia yake mwenyewe. Saumu alizungukia meza zile akimwita mmoja mmoja kwa jina lake. Niliwaona kutoka juu. Karibu wote walikuwa wameinamisha vichwa, na baadhi yao machozi yalidondoka juu ya meza. Hakuna aliyeitika. Alitoka peke yake, na mlango ulipojifunga nyuma yake walipiga kura kwamba ghala lichomwe kesho yake.

Nilirudi nyumbani nikawasimulia. Machano aliposikia, alisema hana budi kurudi ghalani. Humo mlikuwa na mzee mmoja kipofu na mama mwenye mtoto wa kunyonya, na hawakuwa na pa kwenda. Kila aliyejaribu kutoka mtaani alikuwa na la kusimulia juu ya magari. "Tukikaa pamoja madirishani," alisema, "huenda wakashindwa." Ghanima alikuwa akiosha sufuria. Aliisugua sufuria ile ile mpaka giza likaingia.

Kwa sheria, nyumba haichomwi mpaka kioo kiletwe kuthibitisha kwamba ni tupu. Asubuhi ile wakazi wote wa mtaa waliitwa kushuhudia. Hidaya na wenzake wa karakana walikibeba kioo wakakisimamisha mbele ya ghala. Mshika mwenge alikuwa kijana mpana aitwaye Makungu. Ukungu ulikuwa mwingi, lakini si wa kuficha kitu. Madirishani walijaa watu. Machano alikuwa dirisha la katikati, na pembeni yake Mheshimiwa Saumu, kilemba chake kimefunguka. Walituita. Waliita majina ya watoto wao na waume zao na wake zao, na umati mzima ulitazama chini. Ghanima alinishika mkono. Jina lake lilipoitwa, nilihisi kucha zake zikiingia katika kiganja changu.

Bwana Mlenge aliutazama mshale. "Hakuna mtu," alisema. "Mwenge."

Mimi si mtu jasiri. Niliyokwisha kueleza yatosha kulithibitisha hilo. Lakini mdogo wangu alikuwa dirishani, na kinywa changu kilifunguka chenyewe.

"Bwana Mwangalizi, mimi ni mgeni, nimeonekana langoni," nilisema. "Naomba kioo kifutwe umande kwanza. Kwetu hata kioo cha kujitazamia tunakifuta."

Watu waligeuka. Bwana Mlenge alinitazama, kisha akatabasamu, kwa kuwa hakuona madhara yoyote katika kufuta kioo. "Kifutwe," alisema.

Hidaya alichukua kitambaa. Nilimwona akisimama nacho mkononi, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Kisha alisema, "Kitambaa chenyewe kimelowa. Makungu, niazime mwenge wako." Naye, kabla hajakatazwa, aliutwaa mwenge akausogeza nyuma ya kioo, mbali kidogo, akauzungusha polepole, juu na chini, kama mtu anayekausha nguo ya mtoto.

Umande ulitoweka. Rangi ya utando ilianza kukolea, kutoka ile ya kupauka mpaka buluu yenyewe. Mshale ulitikisika. Ukalala. Ukatikisika tena, ukapanda.

"Mtu," alisema mwandishi, na sauti yake ilipasuka. "Dirisha la katikati. Mtu."

Machano aliruka chini. Akafuata mama na mtoto wake, na mshale ukapanda kwa kila mmoja. Akafuata yule mzee kipofu akiongozwa na wengine. Umati uliwakimbilia. Watu walikumbatiana, walilia, walishikana nyuso. "Ulikuwa wapi?" waliwauliza. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Ghanima alimshika Machano masikio yote mawili, akauliza swali lile lile, na Machano alimtazama tu.

Hidaya alikuwa bado akizungusha mwenge, lakini mikono yake sasa ilitetemeka, na moto ulikuwa ukikaribia mno. Tulisikia mlio mdogo. Kioo kilipasuka kutoka juu mpaka chini, utando ukageuka kahawia, na mshale ukaanguka.

Ghalani walikuwa wamebaki watu wachache tu. Saumu alikuwa tayari ameweka mguu mmoja juu ya dirisha.

Bwana Mlenge alikisogelea kioo, akautazama mshale, akaugonga kwa kidole. "Waliokuwapo wametoka," alisema. "Ghala ni tupu. Choma."

Hakuna aliyecheka wala kulia. Makungu alirudishiwa mwenge wake. Alitazama dirishani, na ninaapa alimtazama Saumu usoni, mbele ya watu wote. Alibaki amesimama. Mkono wake ulikuwa ukiinuka, kwa kuwa umezoea kutii, na mwili wake wote ulikuwa ukiuvuta chini.

"Bwana Mwangalizi," alisema Hidaya. Sauti yake ilikuwa imetulia sasa, na utulivu huo ulinitia hofu kuliko yote. "Kioo hakioni moto. Mshale umelala. Mwenge huo haupo."

Mwenge ulikuwa ukiwaka hata nyuso zetu zilihisi joto lake. Bwana Mlenge aliutazama mshale uliolala. Akautazama umati. Sheria ilikuwa yake, naye hakuwa na nyingine.

"Mwenge haupo," alisema mwishowe. "Shughuli imeahirishwa mpaka kitakapopatikana kioo kingine."

Makungu aliuachia mwenge ukaanguka katika dimbwi. Saumu na wenzake waliteremka, wakaja kuelekea kwetu. Kwa sheria hapakuwa na mtu wa kumpisha. Lakini umati uligawanyika, macho yote chini, kila mmoja akijifanya anatengeneza nguo yake au anamtafuta mtoto wake, na katikati ikabaki njia pana kiasi cha watu wawili kupita bega kwa bega. Walipita.

Hidaya walimchukua alasiri ile ile kwa kosa la kuharibu kioo cha umma. Alipopita karibu yangu alikuwa akitazama kila kitu, mabati, mbwa, mikono yake ya buluu, kwa pupa, kama anayekula. Nilijua wanampeleka wapi. Niliinamisha uso tena, kwa kuwa niliogopa.

Nyumbani Ghanima aliandaa chakula mezani na kumvutia Machano kiti. Alikuwa na furaha ya kweli. "Yamekwisha," alisema. "Umeonekana. Kesho nitakwenda kukuandikisha tena."

"Ukungu utarudi mwakani," alisema Machano. Hakukaa. "Ulikuwa unaniona?"

Ghanima alitazama kwanza kioo cha ukutani. Kisha alisema chini chini, "Kila siku."

"Twende kwetu. Dada anaondoka, na mimi ninaondoka naye. Mheshimiwa Saumu anatungoja karibu na lango. Askari hawatamzuia mtu asiyekuwapo. Twende, Ghanima."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa moyo wake wote. Aliizungusha sahani juu ya meza, akaizungusha tena.

"Huko kwenu hakuna vioo?"

"Viko vya kujitazamia tu."

"Sasa huko," aliuliza, na hofu iliyokuwa usoni mwake ilikuwa ya kweli kabisa, "mtu anajuaje kama yupo?"

Mimi nilinyoosha mkono nikamgusa shavu. "Hivi, wifi," nilisema.

Aliushika mkono wangu akaukandamiza shavuni, akafumba macho, akakaa hivyo. Nilidhani atakuja. Kisha alifumbua macho, akakitazama kioo, na polepole, kidole baada ya kidole, akauachia.